Mlango wa Gari la Bibi Pazia

Waongo husema gari la Bibi Pazia lilizaliwa kabla ya barabara. Si kweli. Barabara ilikuwepo, ila ilikuwa bado changa.

Lilikuwa gari la viti saba, rangi ya chai ya maziwa, na ubavuni mlango wa kuvuta. Bibi Pazia alikuwa mshona mapazia, na kwa gari hilo alibeba vitambaa, vyuma vya mapazia, cherehani, watoto, kisha wajukuu.

Kasoro yake moja: likipanda mlima, mlango ulifunguka wenyewe. Siku moja pazia la ukumbi lilichomoka likamvaa askari wa barabarani gubigubi, naye akaongoza magari akiwa humo humo, na hayakugusana hata mawili. Tangu hapo familia ikawa na desturi. Dereva akitangaza "Mlima", wa mlangoni anakaza mguu, wengine wanainama mbele kulisaidia gari.

Bintiye wa kwanza akachoka. "Mama, tuliuze. Litakuangusha shimoni."

"Shimo gani lenye nguvu za kulibeba hili?"

"Nimeshampa fundi, ametengeneza mlango. Kuna mwuza mayai analitaka. Wewe funga mdomo tu, usianze hadithi zako."

Bibi Pazia alilipenda gari lile kama jino lake la mwisho, lakini mtoto akikuomba kwa upole utafanyaje? Akaahidi.

Mwuza mayai akaja, akapiga mateke magurudumu, akaomba aliendeshe. Bibi Pazia akakaa kando yake, binti nyuma mlangoni, wajukuu wamejazana. Gari likanguruma vizuri, likajipendekeza kama mchumba. Mwuza mayai akatabasamu. Bibi Pazia akaona limeshamtoka mikononi.

Mbele ukatokea mlima. Mgongo ukamwasha kuinama, akaung'ang'aniza kitini. Akauma midomo. Ahadi ni ahadi.

"Mlima!"

Ilikuwa sauti ya binti. Mguu wake ulishakazwa mlangoni, na wajukuu wote wameinama kama wanaotafuta shilingi sakafuni.

Mwuza mayai akasimamisha gari. "Mnafanya nini huko nyuma?"

"Hamna kitu, kaka. Mlango ni mzima."

"Mzima, na umeukanyaga hivyo?"

Binti akautazama mguu wake kama wa jirani. Akajaribu kuuondoa. Ukakataa.

"Mimi nabeba mayai, dada," mwuza mayai akasema akishuka. "Mashaka sibebi." Akateremka kwa miguu, akigeukageuka kuutazama mlango, ambao haukuwa umetikisika hata kidogo.

Bibi Pazia akahamia kwenye usukani. "Mimi sikusema neno."

"Najua, mama."

"Hata kukohoa sikukohoa."

"Mama, endesha," binti akasema huku akicheka mpaka machozi. "Mguu wangu bado uko hapa."

Wakainama wote. Wanaolijua gari hilo wanasema siku ile lilipanda kwa kasi hata likakifikia kilele kabla ya kivuli chake, likakingoja.