Siku Mama Mkwe Alipofukiza Kabureta

Mimi ni binti wa fundi wa magari wa Malindi, na nilijua kufungua kabureta kabla sijajua kupika wali usioshika chini. Mume wangu, Msomali wa Tarbaj aliyekuwa akifundisha Garissa, alijua kuendesha gari na kulisifu, basi. Boneti ikifunguliwa alirudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, utadhani amekuja kukagua gwaride. Kwa hiyo pikapu yetu nilikuwa nikiitengeneza mimi, uani, lango limefungwa, majirani wasije wakamwona mke wa mwalimu kaingiza kichwa kwenye injini. Siri hiyo mtaa mzima uliijua.

Miaka hiyo ya tisini petroli yetu nyingi ilitoka kwenye mapipa, nayo ilikuja na kutu na mchanga wake. Ongeza vumbi la Garissa, ambalo halingoji kukaribishwa. Kila baada ya miezi michache kabureta iliziba, nami nikaifungua, nikaiosha, nikaifunga. Sikuona kuwa ni jambo kubwa.

Lakini Ijumaa moja lilikuwa jambo kubwa. Asubuhi tulipata habari kwa redio ya kuitana kwamba dada yake mama mkwe yuko taabani huko Tarbaj, hata maji anayakataa. Mama mkwe alikuwa akiishi nasi. Hooyo, ndivyo nilivyomwita, yaani mama kwa Kisomali. Kwa mama yao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Na kwetu Waislamu maiti haikawizwi. Mtu akifariki asubuhi, alasiri yuko kaburini. Ukichelewa, utaonyeshwa udongo.

Barabara ya Wajir nayo haikuwa ya kujiendea tu. Kwa sababu ya majambazi, magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Msafara ulikuwa uondoke kesho yake alfajiri, na baada ya huo hakuna aliyejua mwingine ungekuwa lini. Pikapu ikachagua siku hiyo hiyo kuugua. Ilikohoa, ikatetemeka, ikazima.

Mume wangu alikwenda kuandikisha gari kwenye msafara, kama kwamba tunalo gari. Mimi nikatandika mkeka uani, nikaleta spana za baba, bakuli la petroli, mswaki uliochakaa na pampu ya baiskeli. Hooyo akaja akakaa karibu yangu na tasbihi yake.

"Hii ni nini?" aliuliza nilipoishika kabureta mkononi.

"Hapa ndipo gari linapokunywa, Hooyo. Petroli na hewa vinachanganyika humu, halafu vinaingia ndani."

"Kwa hifyo ni chombo ya kunywa."

"Ndiyo, chombo cha kunywea," nilijibu bila kuinua kichwa, maana nilikuwa nikiitafuta skrubu moja iliyoviringika kwenye mchanga.

Nikaosha kila kipande, nikasugua, nikapuliza vitundu kwa pampu hadi nikaridhika. Nilivipanga vipande juani kwenye kitambaa safi vikauke, nikaingia ndani kuswali alasiri.

Nilitoa salamu na harufu ya moshi puani. Nilipotoka nilimkuta Hooyo amechutama, kabureta ameipakata kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaingiza kijiti chenye kaa la moto ndani ya koo la hiyo kabureta, anakizungusha taratibu, macho ameyafumba nusu kwa ajili ya moshi. Vile vipande vidogo vyote alikuwa ameviweka juu ya kijungu cha makaa, navyo vinafuka.

Ndivyo wanavyosafisha vyombo vya maziwa kwao. Sabuni haigusi chombo cha maziwa. Wanachoma kijiti cha mti wanaoujua wao, wanakizungusha ndani mpaka chombo kinukie, na maziwa ya ngamia yanakaa humo siku nyingi bila kuharibika. Nilishamwona akifanya hivyo mara nyingi, na nilishakunywa hayo maziwa nikaomba mengine. Jua lilikuwa limekausha petroli yote ya kwenye vipande, na bakuli nilikuwa nimelisogeza ukutani, ndiyo maana sisi sote tuko hai. Lakini kabureta ilikuwa nyeusi tititi, na vitundu vyake vyote vimejaa masizi.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku ile nilikuwa nimechoka na nina hofu. Nikapiga kelele. "Hooyo, umeniharibia! Hiki si kibuyu! Sasa dada yako akifa hujamwona, usimlaumu mtu!"

Nililitamka hilo, kwa mdomo wangu huu, mbele ya mtu mzima.

Alikifukia kile kijiti mchangani mpaka kikazimika, akaiweka kabureta kwenye kitambaa kwa mikono miwili.

"Tangu asubuhi nyinyi nafanya kazi ya safari yangu," alisema. "Mimi nakaa tu. Nimesema, chombo ya kunywa, hiyo kazi mimi najua."

Hapo ndipo ningemwomba radhi. Sikumwomba. Kiburi nilikuwa nacho. Niliketi nikaanza upya, machozi yakidondokea petroli iliyobaki bakulini.

Masizi makubwa yalitoka. Kilichonishinda ni kile kitundu chembamba kuliko vyote, kile kinachopimia gari petroli tone kwa tone. Pampu haikufua dafu. Waya ulikuwapo, lakini baba alinikataza waya tangu nikiwa mtoto: waya unapanua kitundu, na gari linageuka mlevi. Nilipuliza mpaka masikio yakaniuma. Jua lilikuwa linashuka.

Hooyo alinyanyuka akaingia chumbani kwake. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na kifurushi chake cha kushonea vyombo, mizizi iliyosukwa, sindano, na nywele za mkia wa ng'ombe. Alichagua unywele mmoja, akaulainisha kwa mate, akanyoosha mkono nimpe kile kipande.

Nilimpa. Huyu alikuwa mwanamke aliyesuka vyombo visivyovuja maziwa, mshono kwa mshono, maisha yake yote. Aliupitisha ule unywele, akauvuta, akaupangusa masizi, akaupitisha tena, zaidi ya mara kumi. Kisha akakiinua kile kipande juu, akafumba jicho moja.

"Naona mbingu," akasema, akanipa na mimi nitazame.

Mume wangu aliporudi, gari liliwaka kwa mara ya pili ya kupiga stata, likanguruma bila kukohoa. Akalisifu, kama kawaida yake. Hakuna aliyemwambia kilichotokea.

Tulikaa watatu mbele, Hooyo katikati. Kila injini ilipobadili sauti, nilimtazama yeye badala ya kutazama barabara. Modogashe tulikunywa chai tukiwa tumesimama, kati ya malori. Wajir tukalala. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, tukaingia Tarbaj, na dada yake alikuwa hai. Hooyo alivua viatu, akapanda kitandani, akalala ubavuni mwake kama walivyolala utotoni, bila shaka. Walizungumza siku nne. Mengi sikuyaelewa, ila niliwasikia wakicheka.

Siku ya tano dada mtu alifariki. Hooyo alikataa mtu mwingine asimwoshe. Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja na haki yake ya kuingia, naye akaniita mimi, mgeni wa Malindi, nimmiminie maji. Mmoja akanong'ona jambo. Hooyo akamjibu kwa neno moja tu la Kisomali, nalo nililijua: binti yangu.

Nilimimina polepole, kila aliponyoosha kiganja. Tulipomaliza tukabaki peke yetu kidogo na yule aliyelala kimya mbele yetu. Nikasema nilichokuwa nimekibeba tangu Garissa.

"Hooyo, nisamehe kwa yale maneno."

Alikuwa akinyoosha ukingo wa sanda, na hakuacha.

"Ulinibigia kelele, ndiyo," alisema. "Lakini nimefika."