Diski Mbili za Ijumaa

Kwa miaka tisa Bosibori, Mama Osoro kwa wenzake, ndiye aliyenakili faili za wagonjwa katika zahanati ya kanisa, nje kidogo ya Keroka. Kila Ijumaa saa tisa alichomeka diski, na kabla jua halijatua ilikuwa kabatini, naye njiani kuandaa Sabato. Wauguzi waliendelea kuandika huku akinakili. Angewazuiaje? Ijumaa kila mtu hushindana na jua.

Kisha akaajiriwa Apiyo, binti wa Homa Bay.

"Mama Osoro, faili ikinakiliwa huku inaandikwa, kichwa kinakuwa cha saa tisa, miguu ya saa kumi," alisema. "Tupige picha kwanza. Kompyuta inashika kila kitu kilivyo dakika hiyo, tunanakili ile picha, wauguzi waendelee tu."

"Picha? Hii ni zahanati, si arusi."

Walicheka, lakini Abner, mganga msimamizi, alimpa Apiyo diski ya pili na kabati la pili. Bosibori akaendelea na yake, akihesabu ni nani sasa aliyemwita Apiyo "dada". Hata kicheko cha msichana yule kilimuudhi. Kilikuwa kizuri.

Jumapili moja alirudi ofisini peke yake kuijaribu diski yake, apate la kumkomoa Apiyo. Ilifunguka. Jina la Nyamusi, mgonjwa wa presha, lilikuwapo. Dawa zake hazikuwapo. Wala za aliyemfuata. Akaifunga, asimwambie mtu.

Jumatano kompyuta kuu ikafa, siku ya kliniki ya presha. Abner akamjia moja kwa moja.

"Mama Osoro, lete yako. Ndiyo tuliyoizoea."

Miezi mitatu alikuwa na kiu ya maneno hayo. Apiyo alisimama mlangoni. Bosibori alitamani abishe, wagombane, ashindwe. Nyuma ya Apiyo, kwenye benchi, Nyamusi alikuwa akijipepea kwa kitambaa cha kichwa.

"Yangu ina mapengo," Bosibori alisema. "Chukua ya huyu."

"Mapengo gani?"

"Abner, nimesema chukua ya huyu!"

Kabla ya adhuhuri wagonjwa walikuwa wakiitwa mmoja mmoja. Apiyo akamletea chai mezani.

"Asante, Mama."

Afadhali angeringa. Bosibori alionja: majani mengi, maziwa kidogo, kama apendavyo. Nani alimwambia? Akainywa yote, kwa hasira.