Mkono wa Kando ya Barabara

Wiki iliyopita watoto wangu waliniwekea simu mbele ya sahani. Ilikuwa picha ya gari-nyumba jeupe, lenye kitanda juu ya dereva, jiko la gesi na dirisha la pazia. Linakodishwa, wakasema, likizo ijayo twende nalo kaskazini, kama wenzao wa shule. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, lakini siku hiyo sikuwajibu kwa lugha yoyote. Niliinuka nikaanza kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula. Rafiki yangu, kuna gari moja nililolipanda utotoni na magoti yangu hayajashuka mpaka leo.

Tulikuwa wageni Australia wakati huo, mtaa wa Guildford, hata mabegi ya kambi ya wakimbizi hatujayatupa. Baba alifanya kazi kwenye bohari moja kule Smithfield, na msimamizi wake, mzee mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa sigara, alikuwa na gari-nyumba kuukuu uani kwake. Alimwazima Baba kwa likizo ya Desemba. Safari yenyewe ilikuwa ya Nyanya, mama yake Baba. Mtoto wake wa mwisho, baba yetu mdogo, alikuwa amepelekwa kuishi kaskazini ya mbali, Queensland, akikata ndizi mashambani, na hawakuwa wameonana tangu tulipokimbia Kongo. Ndege Nyanya aliikataa katakata. "Mie sipande tena kitu chenye sione chini yake," alisema, na alipokwisha kusema hivyo hata padri hakumgeuza.

Mama alipika kana kwamba huko tuendako hawajui moto. Kulikuwa na sombe, kisamvu cha kwetu, na sambaza, dagaa wakavu wa kutoka duka la Fairfield, na maandazi kwenye ndoo. Gari lote lilinuka samaki na gesi. Nyanya alikaa mbele pembeni ya Baba, rozari mkononi; sisi wengine tulikaa nyuma kwenye meza. Dada yangu mkubwa alipakata sufuria ya sombe. Kazi yangu ilikuwa kuzuia mlango wa kabati la vyombo kwa mguu, maana komeo lake lilikwisha kufa.

Siku za lami nilizipenda, sitadanganya. Tulioga kwenye vituo vya mafuta, tukaanika kaptura dirishani, tukaimba mpaka Mama akatuomba tupumzike. Kisha simu ya Baba ikatuonyesha njia ya mkato ya bara, na lami ikaisha. Barabara ikawa nyekundu, yenye vijituta vilivyotutikisa hadi mashavu yakawasha. Sahani zilipiga kelele kutwa. Malori ya matela matatu yalipokuja, Baba aliteremsha gari kando na kusimama. Vumbi likafunika vioo, mawe yakagonga bati, na mimi nikafumba macho nikiwa bado nimekaza mguu kabatini.

Lakini Nyanya hakuogopa malori. Aliogopa vidole. Madereva wa huko, mkipishana, huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ni salamu tu, leo najua. Nyanya aliviangalia vidole vile asubuhi nzima, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bako banapeana habari. Uyu anaambia mwenzake ya mbele kama tunakuja." Baba alicheka, ila nilimwona kwenye kioo akifunga mlango wake kwa ndani.

Nyanya alikuwa na sheria moja ya barabara, na sisi watoto tuliijua kabla ya sala ya Baba Yetu: anayekupungia mkono njiani, muombee, lakini usisimame. Kwetu mtu aliyesimama kando ya barabara alikuwa chambo. Ukisimama, wenzake wanatoka kwenye majani. Hatukuuliza ameijuaje. Mtu mzima akisema moto unaunguza, huulizi nani aliungua.

Mchana mmoja mvua ilikuwa imenyesha mbali, mbele yetu. Tuliiona tu imening'inia, nyeusi. Ndipo tukamwona mtu amesimama karibu na pikapu, kofia kubwa imemfunika uso. Akavua kofia akaipunga kwa mkono mzima. Akaingia barabarani.

"Usisimame!" Nyanya alipiga kelele. "Usisimame, mwana wangu! Kanyaga!"

Baba akakanyaga. Yule mtu aliruka pembeni. Nikadhani tumepona, kisha honi ikalia nyuma yetu, ndefu, haikatiki. Pikapu lilikuwa linatufuata, taa zikiwaka na kuzima ndani ya vumbi. Mama alitusukuma chini ya meza akatufunika kitenge chake na kujilaza juu yetu. Kabati likafunguka, sahani zikatumwagikia. Dada yangu alikuwa akinong'ona Salamu Maria akiruka maneno. Mimi nilijikojolea, na nakumbuka ule uvuguvugu ulinifariji kidogo. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba tunakwenda kuuawa, na kwamba Australia ilikuwa imetudanganya.

Gari liliteremka ghafla, kisha likapiga kitu laini na kizito. Injini ikazima. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaanza kuingia chini ya mlango.

Mto ulikuwa umepanda juu ya barabara. Gari lilianza kusogea ubavu, taratibu, likikwaruza. Nyuma honi ilinyamaza na tukasikia miguu ikichapa maji. Nyanya alikuwa akisema tu, "Bamefika, bamefika."

Aliyefika, yule yule mwenye kofia, alikuwa mwanamke mzee, umri wa Nyanya hasa, maji yamempita magoti, mnyororo begani. Aliufunga mnyororo chini ya gari letu, akarudi kwenye pikapu lake akatuvuta kinyumenyume, magurudumu yakiteleza na kushika, mpaka nchi kavu. Hapo ndipo alipokuja dirishani kwa Baba, akamtukana matusi ya Kiingereza ambayo mimi na dada yangu tu tuliyaelewa, halafu akaegemea mlango akalia. Baba alirudia neno moja la kazini: sori, sori, sori.

Nyanya aliteremka, akasimama kwenye tope. Alinivuta mkono. "Umuulize, alikuwa anatuitia nini?"

Nikauliza. Nikamtafsiria: alikuwa anatuambia kuna maji.

Mama alipakua. Sombe lilikuwa limesalimika mapajani mwa dada, ajabu ya Mungu, na sahani ya kwanza alipewa yule bibi mwenye kofia. Alikula kwa vidole kama sisi. Nyanya hakugusa chakula. Alikaa juu ya jiwe, kitenge kichwani, na alipoanza kusema nilidhani anasali.

"Siku tulikimbia," alisema, "mwanamuke mumoja alipungia lori yetu. Alikuwa na mutoto mugongoni. Mie njo nilimwambia dereva asisimame. Nilisema bamemutuma." Akamtazama Baba. "Pengine hakukuwa mutu nyuma yake."

Mama alikusanya sahani zilizovunjika, na yule bibi wa kofia, ambaye hakuelewa neno, alimwekea Nyanya mkono begani.

Injini ilipokauka ikawaka tena, tukazunguka kwa njia ya pwani na tukafika. Nyanya alimkumbatia mwanawe hadi wakaanguka wote wawili kwenye majani ya migomba. Lakini katika kurudi, watu kadhaa walituinulia vidole, na kila mara nilisubiri Nyanya aseme neno lake la kupeana habari. Hakulisema tena kamwe. Alikuwa anawainulia kidole chake.

Sasa yeye amelala makaburini, Baba pia, dada yangu yuko Perth, na hofu ile tuliyoigawana sote chini ya kitenge kimoja nimebaki nayo mwenyewe. Zamani kulikuwa na mtu mbele aliyejua la kufanya, hata alipokosea. Siku hizi nikiona mkono umeinuliwa kando ya barabara, nasimama. Nafunga milango, nateremsha kioo kidogo, kiasi cha sauti kupita, na moyo unanidunda mpaka aseme anataka nini.