Kesi Iliyoliwa

Kaka yangu alivunjwa mguu uwanjani, mchana kweupe, mbele ya Bariadi nzima, na bado wapo waliosema kosa lilikuwa la mguu wake. Naanzia hapo kwa sababu hata hasira yangu inaanzia hapo.

Alikuwa mshambuliaji wa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, enzi zile kiwanda kikiwa bado mali ya ushirika. Ajira yenyewe aliipata kwa mpira: asubuhi anabeba marobota, jioni yuko mazoezini. Mimi dada yake nilikuwa nikiuza chai na maandazi kando ya kibanda cha fundi baiskeli, karibu na stendi. Huyo fundi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki. Alikuwa na redio kubwa ya betri, na kila zilipocheza zile timu mbili kubwa za Dar es Salaam benchi lake lilijaa mpaka watu wakakalia matairi. Wakimaliza kuwasema wachezaji wa Dar, wanarudi kwa wa kwetu. Nani afungiwe, nani asajiliwe, kocha yupi afukuzwe. Ungewasikia ungedhani chama cha mpira chote kinakutana pale kwenye vikombe vyangu, na wengi wao hata kupiga danadana hawakujua.

Ndipo ikaja ile miaka ya soko huria. Mitumba ikamwagika gulioni, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, na mmoja wao akaanzisha timu yake. Timu ile ilikuja na jezi mpya, viatu vya kweli, na vikinga ugoko vya plastiki. Vijana wetu walikuwa wanakata maboksi ya sabuni na kuyachomeka ndani ya soksi. Tuliwacheka wale wenye plastiki, tukasema mpira unachezwa na miguu, hauchezwi na vyombo vya jikoni.

Siku timu hizo mbili zilipokutana nilikuwa nimesimama nyuma ya goli na beseni langu. Kaka alishamtoka beki, kijana mrefu wa Bukundi, na mbele yake alibaki kipa peke yake. Yule beki alimfuata kwa nyuma na kumkata. Mlio niliusikia pale niliposimama. Hadi leo sivunji kuni kavu kwa goti, natafuta panga.

Wiki hiyo benchini hapakuwa na habari nyingine. "Huyu afungiwe maisha!" fundi alisema, huku akigonga spana kwenye rimu. "Kumkata mtu kwa nyuma si mpira, ni ujambazi." Mwingine, mteja wangu wa kila siku, akasema sheria inataka vikinga, mtu aliyevaa boksi alitegemea nini? Nilimnyang'anya kikombe kabla hajakimaliza, na hakurudi kudai. Kamati ya mpira ya wilaya ikamfungia beki msimu mzima. Fundi alisema ni kidogo. Nami nilisema ni kidogo, na nilimpenda fundi siku ile kwa jinsi alivyopiga kelele kwa ajili yetu.

Kaka alirudi kutoka hospitali mguu ukiwa kwenye plasta, lile tunaloliita hogo, kuanzia kwenye paja hadi kwenye vidole. Niliacha biashara ya chai nikawa namuuguza nyumbani kwa mama, nje kidogo ya mji. Alikuwa na shida moja tu, na aliisema mpaka tukaizoea.

"Aje. Aje tu anione, aseme pole. Mpira ni mpira, sina kinyongo naye. Lakini aje."

Kila mbwa wetu alipobweka uani, kaka alijiinua kwenye kiwiko, akafunga vifungo vya shati. Anayeingia anakuwa jirani, au mbuzi wa jirani. Nilimwonea huruma hata nikatamani mbwa yule afe.

Huku nje mambo yalikuwa yanageuka. Ushirika ulikuwa unakata roho, kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na asiyeweza kubeba robota alikuwa wa kwanza kupunguzwa. Timu nayo ikavunjwa. Yule mnunuzi akawachukua wachezaji wetu wazuri akawaunganisha na wake, na kufumba na kufumbua mashabiki waliokuwa wanatukanana wakawa wa timu moja. Timu hiyo moja ilikuwa inakwenda kushindana na wilaya jirani, na haikuwa na beki. Fundi na wenzake wakaenda kwenye kamati kumwombea msamaha yule yule waliyetaka afungiwe maisha. Kamati ikawajibu wamalizane kwanza wenyewe kwa wenyewe.

Kwetu Usukumani kumalizana kuna njia yake. Mtu aliyekosa hulipa mchenya: mbuzi au ng'ombe anachinjwa, aliyekosa na aliyekosewa wanakula pamoja na watu wao, na kesi inakuwa imeliwa. Anayeifufua baada ya hapo analipa mchenya wake mwenyewe. Ni mila nzuri, na imeokoa vijiji vingi visichinjane. Lakini ni ya watu waliokaa kwenye nyama moja, na fundi aliifanya ya mashabiki.

Baba wa yule beki alileta dume kutoka Bukundi. Likachinjwa nyuma ya uwanja, watu wa pande zote mbili wakala. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mzee mmoja aliuliza, mbona aliyevunjwa hayupo? Fundi akacheka, akasema asiyekuwepo na lake halipo. Kisha nadhani alijishtukia, maana alikata paja moja akalileta kwetu mwenyewe, limefungwa nyuma ya baiskeli.

"Mashabiki wamekukumbuka," alimwambia kaka. Hakusema ni nyama ya nini, wala hakukaa.

Kaka alilia. Alisema, unaona dada, watu hawajanisahau. Nilimchemshia supu, nikatia ndimu na pilipili kama alivyopenda, akala hadi akalamba vidole, akaomba tena. Ilikuwa siku yake ya kwanza kucheka tangu avunjike. Tulimtania kwamba hogo litapasuka kwa shibe.

Alipotolewa plasta mguu ulikuwa umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Jumamosi moja akachukua fimbo tukaenda wote benchini. Tulikuta mjadala umechemka. Redio ilikuwa imetangaza beki fulani wa Dar kafungiwa kwa rafu, na kila mtu ana sheria yake mdomoni. Wakamsogezea kaka nafasi. Akasikiliza kidogo, kisha akauliza kwa upole:

"Na yule wetu? Nasikia kesho anacheza. Kifungo chake kimeishaje?"

Fundi alichukua tairi, akaanza kutafuta tundu lisilokuwepo.

"Kaka," akasema, "ile kesi si ililiwa? Na wewe ulikula."

"Nilikula nini?"

"Lile paja."

Kaka alinigeukia. Nilitikisa kichwa kwamba sikujua, naye akaniamini, nashukuru kwa hilo. Nilitaka kumtukana fundi matusi ya nguoni. Kaka alinishika mkono. "Nduhu," akasema kwa Kisukuma. Hakuna neno. Mtu mmoja akaleta habari za bei ya pamba, na wote wakaidaka kama mpira wa kona.

Ikawa hivyo siku zote. Kaka akitokea, mazungumzo ya rafu, ya kadi na ya kufungiwa yanakufa, kwa kuwa kujadili sheria mbele yake ni kufufua kesi, na hakuna aliyetaka kutoa mbuzi. Waliweza kumzungumzia mchezaji yeyote wa nchi hii isipokuwa yeye. Beki alicheza msimu ule, na uliofuata, na fundi akamshangilia. Aliyefungiwa maisha alikuwa kaka yangu. Niliona hivyo wakati ule, na sijabadili mawazo.

Mwishowe akaacha kuja. Alihamia Mwamapalala kwa wajomba, akalima pamba kwa mguu na nusu. Nilimpelekea redio ndogo ya mitumba. Alisikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Mpira ukianza anaizima. Aliishi huko hadi homa ilipomchukua, mvua zikiwa zimepamba moto.

Siku ya mazishi, kati ya wachimba kaburi nilimwona mtu mrefu ambaye sikumtambua mara moja. Alichimba tangu mwanzo, alipotakiwa kupokezana alikataa, na udongo wa Mwamapalala ukilowa hauna huruma. Baada ya maziko alinifuata karibu na mafiga, jembe begani, matope hadi magotini.

"Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kama mtu amwamkiavyo mama mchana.

"Mwadila."

"Nilitaka kuja," alisema. "Wiki ile ile alipotoka hospitali. Nilifika mpaka kwenye ua wenu wa minyaa, mbwa wenu akabweka, nikasimama najipa moyo. Nikarudi siku nyingine, na nyingine. Kisha mchenya ukaliwa, fundi akasema nikija sasa nitaifufua kesi, na baba atatoa dume la pili. Baba hakuwa nalo."

Nilimkumbuka kaka amejiinua kwenye kiwiko, anahangaika na vifungo. Macho yangu yalikuwa makavu tangu alfajiri, watu walishaanza kunong'ona kwamba dada mtu ana roho ngumu. Nikafanya lile ambalo mwenye msiba humfanyia mchimba kaburi: nikampakulia mwenyewe, ugali na nyama, nikamwekea maji ya kunawa.

Alikula ameinama, peke yake, chini ya upenu wa jiko. Alipomaliza alinawa, akachukua jembe lake, akaniaga kwa kichwa. Nilikwenda kuondoa sahani. Ugali alikuwa ameumaliza wote, mkavu, na nyama ilikuwa imepangwa pembeni, haikupungua hata kipande. Hapo ndipo nilipolia.