Meno ya Tumbili Namba Saba

Siku yangu ya kwanza maabara nilikabidhiwa ndoo ya barafu, nikaambiwa nisiiache hata nikienda chooni. Jeni inapofanya kazi hutoa nakala za maagizo yake, ziitwazo RNA, na nakala hizo huharibika upesi zikipata joto. Ninyi vijana wa maabara mna mashine nzuri, ila barafu bado mnaichezea.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha tumbili, chini ya Mtafiti Mkuu, mama wa Kichaga asiye na maneno mengi. Alitaka kujua ubongo wa jike mzee hubadilika vipi estrojeni, homoni ya kike, inapopungua. Baadhi ya majike wazee tuliwawekea kijiti cha homoni chini ya ngozi, kama vile vya uzazi wa mpango. Mwishowe wote walichomwa dawa ya kulala wasiamke, tukapima jeni za sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu.

Tumbili walikamatwa porini, na kukadiria umri wao ilikuwa kazi yangu. Nimekulia Ngaramtoni kwenye ng'ombe, ambao umri wao husomwa menoni, kwa hiyo niliangalia meno, tena kwa majivuno.

Majibu yakatoka. Namba saba, mzee asiye na kijiti, alikuwa na jeni zinazofanya kazi kama za kijana. Ikiwa ni kweli, hoja yote ya estrojeni ilikuwa inayumba. Mtafiti Mkuu akaniita.

"Mollel, huyu ulijuaje ni mzee?"

"Meno, mama. Yalikuwa ya kahawia, yamemomonyoka."

"Mlimkamata wapi?"

"Kwenye kijito cha kwetu, kule juu."

Akanitazama mdomoni. "Na wewe una miaka mingapi?"

Nilikuwa na thelathini na minne, na meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Maji yetu ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno kahawia na kuyamomonyoa, kila mtu wa huku anajua. Sikuwahi kufikiri kwamba tumbili naye anayanywa. Tukatoa picha ya mifupa yake kabatini, ambayo hakuna aliyeiangalia: ncha zilikuwa bado hazijafunga, kama za mnyama anayekua. Niliona aibu sana.

Namba saba aliondolewa kwenye ripoti. Waliobaki walionyesha kwamba kijiti kilirudisha baadhi ya jeni karibu na hali ya ujana, si zote.

Sasa nimestaafu, nipo Moshono. Vijana wa maabara wakija kunisalimia huniuliza kama najutia wale wanyama. Kwa wale wazee nina jibu, na huwa nalitoa. Kwa namba saba sina. Tulimuua kwa sababu mimi nilisema ni mzee, naye alikuwa hajazaa hata mara moja.