Mkwe Juu ya Gazeti

Kwa miaka mitatu mimi ndiye niliyewaambia watu wa Mwanjelwa waende wapi Jumapili. Alhamisi naandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: wapi kuna bonanza, wapi wanashindana bao, kwaya ipi inazindua albamu, kiwanja gani watakimbiza kuku. Jumamosi nalisoma tangazo hilohilo kwenye gari la spika, mitaa yote mpaka Uyole. Kwenye tangazo langu mbuzi mmoja alikuwa mbuzi kumi, na kwaya ya watu tisa ilikuwa jeshi la malaika. Sikuona kama nadanganya. Kidato cha nne nimekimaliza nikiwa na miaka ishirini na saba, kwa masomo ya jioni, dawati moja na mgambo aliyekoroma kuliko trekta. Mtu aliyesoma hivyo akingoja kusifiwa na wengine atangoja mpaka milima ya Mbeya iote meno.

Kutoka kutangaza nikapandishwa cheo, nikawa mshereheshaji. Nikipewa maiki nilikuwa sioni mtu mmoja mmoja, naona umati tu.

Sisi ni watu wa Iringa, lakini dada yangu mdogo ameolewa na Mnyakyusa, wanaishi hapahapa Mbeya. Kwa wakwe zake huko Tukuyu, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hali chakula pamoja naye, hamtaji jina, na akimwona njiani anachepuka hata kama pembeni ni matope. Vijana wengi siku hizi wameacha, ila mzee yule ni wa zamani, na tangu mwanzo alisema, "Huyo wa Iringa hataziweza heshima zetu." Basi dada akaziweza kuliko wenyeji. Miaka sita! Na miaka yote hiyo mzee akija mjini anafikia kwa mwanawe mwingine, kwa dada hajala hata ndizi moja.

Halafu mwaka jana akatuma ujumbe mwenyewe: Jumapili atakuja mjini na mkewe, na mchana atakula kwa mkamwana wake wa Iringa.

Dada alinipigia akishangilia mpaka nikatoa simu sikioni. "Kaka! Anakuja kwangu!" Alishapanga kila kitu: apike mbalaga, ndizi na nyama kama wanavyopenda kwao, mumewe ampelekee baba yake sebuleni, yeye abaki jikoni asikilize tu kama sahani zinarudi tupu. Ila mzee alitaka kwanza kuona ngoma ya kwao, na ngoma hiyo ilikuwa kwenye bonanza langu.

"Nitakaa na akina mama, mbali," dada akasema. "Kaka, nakuomba, usinitanie."

"Mimi? Mimi ni profesa wa heshima, mdogo wangu."

Ngoma ilipigwa, vumbi likapanda, mzee akafurahi, nilimwona akitikisa mabega ndani ya koti lake refu. Baada ya ngoma ikaja zamu yangu: kucheza juu ya gazeti. Watu wawili wawili wanacheza juu ya gazeti lililotandikwa chini. Muziki ukizimwa linakunjwa mara mbili, wanacheza tena, linakunjwa tena, mpaka wanabaki wamekumbatiana juu ya kipande cha kutosha kufungia maandazi. Atakayekanyaga chini ametoka.

Jozi nne zilikuwa tayari. Ya tano nikamwita dada. Alikataa kwa kichwa, lakini watu wakapiga makofi, akaja huku akicheka na kuniangalia kwa macho ya kuonya. Mpaka hapo bado nilikuwa sijakosa sana. Nikauliza umati, "Tumpe nani?" Vijana wakajibu, "Mzee wa koti! Mzee wa koti!"

Nilimjua. Nimejaribu sana kujisimulia kwamba jua lilinipiga machoni, kwamba koti lilifanana na la mtu mwingine. Hapana. Nilimjua, na nilijua yeye ni nani kwa dada, na umati ulikuwa unanichekea vizuri kama nini. Nikasema kwenye maiki, "Mzee wa koti, njoo umwokoe binti huyu!"

Vijana walimsukuma kwa furaha mpaka kwenye gazeti. Alipoinua macho, dada alikuwa hatua moja mbele yake, wanatazamana. Dada alijifunika kanga kichwa kizima, akachuchumaa palepale, akampa mgongo. Watu wakacheka wakishika mbavu, wakadhani ndio mchezo wenyewe.

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Msimcheke jamani, huyo ni baba mkwe wake!"

Vijana walizidi kucheka. Akina mama waliokaa chini ya turubai waliacha kupiga makofi. Mmoja wao akamuuliza mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikaisikia kuliko spika zangu: "Huyu mwenye maiki si ndiye kaka yake?"

Shemeji yangu alinikuta nyuma ya jukwaa. "Wazee wameshapanda gari la Tukuyu."

"Hata hawajala?"

"Wale wapi, shemeji?"

Nikaenda Iringa kumchukua mjomba, maana huwezi kuomba radhi ukweni peke yako kama mtoto aliyevunja kikombe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mboga. "Umemvua nguo mwenzako hadharani," akasema, akaendelea kuchambua. Hakuniuliza kama nimekula.

Tukuyu mzee alitupokea vizuri mno. Mjomba alisema maneno yote, mimi niliyesikika Mwanjelwa nzima nilipata tu, "Nisamehe, baba."

"Wewe nimekusamehe, mwanangu," mzee akasema. "Mpumbavu hamalizi siku mbili moyoni mwangu. Ila yule binti... Miaka sita sikuujua uso wake vizuri. Sasa naujua, na yeye anajua kwamba naujua. Nitakulaje kwake?"

Mjomba alitaka kujibu, mzee akaanza kuuliza habari za mvua za Iringa.

Niliporudi Mbeya nilipita kwa dada. Alinifungulia mlango, hakunisalimia. Alisimama akifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu.

"Amesemaje?"

"Amesamehe."

"Wewe. Na mimi?"

Nikamwangalia. Njia nzima nilikuwa nimejiapiza kwamba leo nitasema kama ilivyo, bila kuongeza hata punje.

"Amesema atakuja," nikasema. "Amesema mbalaga ile bado anaidai."

Alikaa kwenye kiti akalia, halafu akacheka, akaniita kaka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Imepita miezi minane. Amebadilisha mapazia ya sebuleni. Kila mkungu mzuri ukiingia sokoni ananiuliza kama mzee amesema siku, namjibu, "Bado kidogo." Jumamosi iliyopita nilimkuta anamfundisha binti yake mdogo kubeba sahani kwa mikono miwili, "ili babu akija usimwagie."

Nikamshikia mtoto sahani, nikamwonyesha namna ya kupiga goti.