Asumini ya Baba Amadi

Ti! Hadi leo nausikia msumari ule ukitoboa kitako cha debe. Baba Amadi, fundi wa bati wa mtaa wetu uitwao Kenya, jina tu wala si ile nchi, alikuwa akiitengenezea asumini yake njia ya kutolea maji. Tawi lake la kwanza alilileta marehemu mkewe kutoka Maniema, na tangu azikwe, mzee hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye jioni ila ua hilo.

Mwaka huo Chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, kilitangaza kwamba mgeni mkubwa angepita barabara yetu. Mama Kunda, mkuu wa seli ya Chama mtaani, akaamuru maua yote yapangwe barabarani, na kila mtu ayamwagilie wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Mgeni akachelewa, salongo ikawa ya kila siku. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana akipita na ndoo bila kumwaga, asumini ikanyweshwa na mtaa mzima.

Udongo wetu mwekundu ukishiba maji huwa uji. Majani yakageuka manjano.

"Citoyen Amadi!" Mama Kunda alifoka, akimwita "raia" kwa Kifaransa kama Chama kilivyotaka. "Chama iko kijani. Hii maua yako iko mupinzani?"

"Inazama, Mama."

"Muti hauzamake. Bongeze mayi!"

Kumkatalia hakuthubutu, kwa hiyo alibadilisha udongo. Akachanganya mchanga wa mto. Watu wakazidi kumwaga. Akatia vipande vya makaa, kisha maganda ya karanga, kisha kokoto, kila mara akipunguza udongo, mpaka debe likawa chujio: maji yalitoka chini kabla mmwagaji hajainua ndoo. Asumini ikanawiri. Mama Kunda akaisogeza karibu na bendera, wote waimwagilie mara mbili.

Kisha ikasemwa kwamba mgeni alishapita barabara nyingine. Ndoo zikarudi majumbani. Jua la mwezi wa kumi likawaka, na debe lile halikujua kushika hata tone. Adhuhuri majani yalikuwa yamelala.

Mzee akakimbilia kwa Mama Kunda. "Mama, salongo irudie, hata kidogo!"

"Hakuna amri, citoyen. Wende ukapumuzike."

Akarudi, akapiga magoti, akaizungushia mizizi udongo mwekundu kwa kiganja, kidogo kidogo. Akamimina kikombe kimoja tu, akainama hadi mdomo ukagusa shina.

"Bote balishaenda," alinong'ona. "Sasa kunywa polepole."